Kifungua Kinywa cha Bure kwa Wanachama wa Hoteli: Mwongozo Kamili kwa Msafiri wa Tanga na Bagamoyo

Watu wengi ninaowapangia safari hapa Tanga ni wanachama wa mipango ya hoteli kubwa za nje, ile inayompa mgeni pointi na kumpandisha daraja kadiri anavyolala kwao. Wamo mawakala wa forodha, wahandisi wa bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, wafanyabiashara wa mkonge, na watumishi wa mashirika wanaozunguka Dar es Salaam, Nairobi na Dubai. Pointi zao wanazijua hadi ya mwisho. Lakini asubuhi wanapofika mgahawani na kuulizwa namba ya chumba, hawana hakika kama chai wanayokwenda kunywa imeshalipiwa, ni zawadi ya uanachama, au itawasubiri kwenye bili siku ya kuondoka.

Wasiwasi huo una msingi. Kadi ile ile inaweza kukupa meza nzima ya vyakula katika mji mmoja, mkate na juisi katika mji wa pili, na katika mji wa tatu isikupe hata kikombe. Mwenye hoteli hajakudanganya, na wewe hujakosea kusoma. Kifungua kinywa cha bure hakikai ndani ya kadi. Hupatikana pale mambo manne yanapokutana: daraja lako, jina la hoteli, nchi ilipo, na njia uliyopitia kulipia chumba. Likikosekana moja, jiandae kulipa. Yote manne unaweza kuyajua kabla hujatoka nyumbani, na hapa chini naeleza namna ya kuyajua.

Kwanza ujue nani analipia mayai

Hoteli nyingi zenye majina makubwa hazimilikiwi na kampuni zenye majina hayo. Jengo ni la mwekezaji: familia, kampuni ya hapa nchini, wakati mwingine mfuko wa umma. Kampuni ya nje ama inaendesha hoteli kwa mkataba, ama imekodisha jina, viwango na mfumo wake wa kuuzia vyumba. Tazama The Kilimanjaro pale Dar es Salaam. Ilifunguliwa mwaka 1965, ikapita mikononi mwa waendeshaji mbalimbali, na leo inaitwa Hyatt Regency Dar es Salaam, The Kilimanjaro. New Africa nayo, ambayo wazee wetu wanaijua kwa jina hilo tu, sasa iko chini ya Four Points by Sheraton, jina mojawapo la Marriott.

Mambo ya pesa nyuma ya pazia yako hivi. Ukilala kwa pointi, kampuni mama humfidia mwenye hoteli kwa usiku ule. Lakini chai ya mwanachama wa daraja la juu kwa kawaida humwangukia mwenye hoteli mwenyewe: mayai ni yake, gesi ni yake, mpishi ni wake. Ndiyo maana hoteli moja husoma masharti kwa ukarimu na nyingine huyasoma kwa kubana, hata kama mabango yao yanafanana. Meneja mwenye vyumba vilivyojaa wanachama wa daraja la juu anaona hasara kila asubuhi, na meneja anayewapata wachache anaona ni heshima kuwalisha vizuri.

Ukilielewa hili, utaacha kumfokea binti wa mapokezi kana kwamba yeye ndiye aliyeandika masharti. Pia utajua kwamba kauli ya "hoteli nyingine walinipa" haina uzito wowote mezani kwake. Chenye uzito ni masharti ya jina la hoteli hiyo, na kile ulichoandikiwa na hoteli hiyo.

Hatua ya kwanza: soma daraja lako

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa sababu majina ya madaraja yanafanana na uzito wake haufanani. Gold ya Hilton Honors inakupa kifungua kinywa kwenye hoteli nyingi nje ya Marekani. Gold ya Marriott Bonvoy haikupi. Nimeshaona mtu akibishana mapokezi kwa dakika nyingi akiwa na Gold ya Marriott mkononi, huku mawazo yake yakiwa kwenye masharti ya Hilton.

Kwa Marriott, kifungua kinywa huanza kuzungumzwa ukifika Platinum, yaani usiku 50 ndani ya mwaka mmoja wa kalenda. Silver ni usiku 10, Gold ni 25, na zote mbili hazina chai. Platinum akipata haki hiyo, humhusu yeye na mgeni mmoja wa chumba hicho. Kwa World of Hyatt, haki hiyo ni ya Globalist, daraja linalopatikana kwa usiku 60 au pointi za msingi (zile zitokanazo na pesa unayotumia hotelini) 100,000, na ndiyo pana kuliko zote: watu wazima wawili na watoto wawili waliolala chumba hicho. Tena kwa Hyatt ni kifungua kinywa kamili, pale ambapo hoteli haina sebule ya klabu, yaani ukumbi wa pembeni wenye chakula kwa wageni wa daraja la juu. Ikiwa nayo, unaweza kuelekezwa huko badala ya mgahawa mkuu. IHG, wenye Holiday Inn na InterContinental, hawakuwa na haki ya namna hii hadi walipoupanga upya mpango wao mwaka 2022. Sasa mwanachama wa Diamond anaweza kuchagua kifungua kinywa kama zawadi ya kukaribishwa. Accor wao humpa mwanachama wa Diamond mwishoni mwa wiki. Kama safari zako ni za kazi, Jumatatu hadi Alhamisi, haki hiyo kwako ni ya karatasini tu.

Fungua akaunti yako kwenye simu na uangalie daraja lako la leo, kisha tarehe linapoisha. Daraja likiisha katikati ya safari, chai inaweza kuisha nalo.

Hatua ya pili: jina la mlangoni na nchi

Kampuni moja ina majina mengi ya hoteli, Marriott peke yake ana zaidi ya 30, na masharti hufuata jina. Mwanachama wa Platinum hapati kifungua kinywa cha daraja kwenye Ritz-Carlton wala EDITION, ambazo ni hoteli ghali kuliko nyingi zinazompa. Watu hukasirika wakisikia hivyo, nami nawaelewa: umelipa zaidi, umepata pungufu. Upande wa pili kuna majina ya bei ya kati ambayo humlisha kila mgeni, mwanachama na asiye mwanachama. Holiday Inn Express na Hampton ni mfano. Hapo usitumie daraja lako kuomba chai, maana tayari ni yako.

Nchi nayo hubadilisha kila kitu. Mwaka 2021 Hilton waliondoa kifungua kinywa cha Gold na Diamond kwenye hoteli zao nyingi za Marekani, wakaweka mahali pake salio la kila siku la chakula na vinywaji. Kiasi hutofautiana kwa jina la hoteli na kwa mji. Kinachowaumiza wageni ni kwamba salio hilo mara nyingi halitoshi kulipia meza nzima ya asubuhi, hasa ukiongeza kodi na bakshishi ya huko. Nje ya Marekani utaratibu wa zamani umeendelea. Kwa hiyo mtu aliyezoea Nairobi au Dubai akienda Houston kwa mkutano wa mafuta, asidhani atakaa mezani na kuondoka tu. Aulize salio ni kiasi gani, linatumika wapi, na kama lisipotumika leo linahamia kesho. Kwa kawaida halihami.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo miongozo ya nje hailigusi. Tanzania, vyumba vingi vya hoteli huuzwa bei ikiwa tayari na kifungua kinywa ndani. Maana yake, mwanachama wa Platinum aliyelipiwa na kampuni yake chumba pamoja na chai hapati kitu kipya akipewa "kifungua kinywa cha bure". Anapewa alicholipia. Hapo ndipo pa kuwa macho, kwa sababu kwenye hoteli kadhaa za Marriott zawadi ya kukaribishwa ni ya kuchagua, na pointi ni mojawapo: 500 au 1,000 kutegemea jina la hoteli. Kama chai imo kwenye bei, chukua pointi. Kama haimo, piga hesabu: pointi hutolewa mara moja kwa kukaa kote, chai hutolewa kila asubuhi. Pointi 1,000 thamani yake haifiki dola 10, hivyo kwa usiku tatu au nne, watu wawili chumbani, chai inazidi mbali sana. Kwa usiku mmoja unaoondoka alfajiri bila kula, pointi ndizo zenye maana.

Hatua ya tatu: njia uliyopitia kulipia

Ukinunua chumba kupitia Booking.com, Expedia, Agoda au tovuti nyingine ya kuuzia vyumba, mipango mikubwa kwa kawaida haikupi pointi, na haki za daraja hazilazimiki. Hoteli inaweza kukupa kwa hiari, na nyingine hukupa kweli, lakini hiyo ni hisani. Ukitaka kudai, nunua kwa kampuni yenyewe: tovuti yake, programu yake ya simu, au kwa simu ya hoteli. Mimi ni wakala na nalisema hili waziwazi kwa wateja wangu: kama una daraja la juu na unalithamini, nitakuwekea nafasi moja kwa moja hotelini kwa namba yako ya uanachama, hata kama tovuti nyingine ina bei ya chini kidogo. Kisha tunapiga hesabu pamoja kuona kama tofauti hiyo inalipwa na chai.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme hoteli ya Dar es Salaam inauza chumba bila chai kwa Sh 230,000, na chumba hicho hicho pamoja na chai ya watu wawili kwa Sh 290,000. Tovuti ya nje inauza bila chai kwa Sh 215,000. Mwenye daraja linalostahili atanunua hotelini cha 230,000 na kunywa bure, akiwa ameokoa Sh 60,000 ukilinganisha na cha 290,000. Asiye na daraja asidanganyike na 215,000: akila mgahawani kwa bei ya menyu yeye na mkewe, anaweza kuipita 290,000 kwa urahisi. Bei unayopaswa kulinganisha ni ya chumba pamoja na tumbo lililoshiba.

Zijue na herufi utakazokutana nazo kwenye karatasi ya nafasi. RO ni chumba kitupu. BB ni chumba na kifungua kinywa. HB huongeza mlo mmoja, mara nyingi wa jioni, na FB ni milo yote mitatu. Karatasi ikisema RO halafu mtu akakuambia kwa mdomo kuwa chai ipo, iamini karatasi.

Bei za makubaliano ya kampuni na bei za vikundi zina masharti yake. Mtu wa mwisho kuyajua huwa ni mgeni mwenyewe. Muulize anayekulipia, ofisi ya utawala au mwandaaji wa mkutano, akutumie nakala ya kilichokubaliwa.

Hatua ya nne: andika kabla ya kulipa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu imewaokoa wateja wangu pale ambapo masharti, kadi na maneno matamu yameshindwa. Siku tatu au nne kabla ya safari, itumie hoteli barua pepe. Usiitume kwa makao makuu ya kampuni. Itume kwa hoteli yenyewe, idara ya nafasi. Ujumbe uwe mfupi, wa adabu, na uulize mambo yenye jibu la ndiyo au hapana. Unaweza kuuchukua huu kama ulivyo:

"Habari za kazi. Nina nafasi ya chumba kwenu kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, namba ya nafasi ni hii. Mimi ni mwanachama wa daraja fulani, namba yangu ya uanachama ni hii. Naomba mnithibitishie: je, bei niliyolipa ina kifungua kinywa ndani yake? Kama haina, je, daraja langu linanipa kifungua kinywa kwenye hoteli yenu, na kwa watu wangapi? Ni meza kamili ya mgahawani, au ni mkate, matunda na chai tu? Mtoto wa miaka sita analipiwa? Nikiondoka kabla mgahawa haujafunguliwa, mnaweza kunifungia chakula? Asanteni sana, nawatakia kazi njema."

Nje ya nchi utauandika kwa lugha yao, lakini maswali ni hayo hayo. Jibu likija, lihifadhi kama picha kwenye simu, kwa sababu intaneti ya mapokezi haitabiriki na barua pepe hukataa kufunguka pale unapoihitaji. Jibu lisipokuja ndani ya siku mbili, piga simu, kisha andika tena: "Kama tulivyozungumza kwa simu leo saa tano, umenithibitishia kwamba..." Ujumbe huo wa pili nao ni ushahidi.

Mapokezi

Hapa hakuna mengi, ila fika na maneno yako tayari. Salimia kwanza, mtu wa Tanga sihitaji kumfundisha hilo. Kijana akikuamkia, itikia, muulize za kazi, ndipo useme: "Nimeandikiana na wenzako wa idara ya nafasi, ujumbe wao huu hapa. Naomba uniangalizie kama chai imeingizwa kwenye chumba changu, watu wawili." Ombi la namna hiyo linamwelekeza atazame kwenye mfumo. Ukiuliza "Chai ni bure?" unampa nafasi ya kukisia, na atakayekisia atakwambia ndiyo ili akufurahishe.

Wakikupa zawadi ya kuchagua, ichague hapo hapo na uone wameiandika. Wakikupa vocha za karatasi, zihesabu: usiku tatu, watu wawili, ni vocha sita. Uliza na saa za mgahawa kwa saa zetu, saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi au vinginevyo, maana Jumamosi na Jumapili huwa tofauti.

Mezani asubuhi

Kabla hujaketi, mwambie mhudumu wa mlangoni namba ya chumba na umwache aitazame kwenye orodha yake. Kama jina lako halimo, rudi mapokezi kabla ya kula. Ukishakula, mazungumzo hubadilika na kuwa ya deni.

Ujue pia mipaka ya ulichopewa. Kifungua kinywa cha aina ya mkate na matunda mara nyingi hakina mayai ya kukaangiwa wala soseji. Ukiagiza, unaagiza kwa pesa yako. Kahawa ya mashine maalumu, juisi ya kukamuliwa papo hapo na chakula cha kuletewa chumbani mara nyingi viko nje ya haki. Akikuletea karatasi ya kusaini, isome. Kusaini si kosa, hoteli nyingi zinataka saini kwa ajili ya hesabu zao hata kama hulipi, lakini kama kuna kiasi kimeandikwa, muulize: "Hii inafutwa saa ngapi, na nani anaifuta?"

Bili ya mwisho

Usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, omba bili ya muda. Asubuhi kuna foleni, dereva anapiga honi, na hapo ndipo watu hulipa wasichodaiwa. Isome mstari kwa mstari ukitafuta neno la mgahawa au la kifungua kinywa. Ukikuta mstari usio wako, sema kabla ya kulipa. Kufuta mstari ni kazi ya dakika moja. Kurudishiwa pesa iliyokwisha kupita kwenye kadi ni kazi ya siku nyingi.

Kwa hoteli za hapa nchini, tazama mambo mawili zaidi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa na kudaiwa kwa fedha za kigeni, hivyo chai iliyoandikwa kwa dola kwenye bili yako iulizie ilivyofika huko. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye kiasi ulicholipa kweli. Kama kampuni yako inakurudishia gharama, karatasi hiyo ndiyo inayotofautisha chai ya zawadi na chai uliyonunua.

Wakikukataa na una haki

Omba kuonana na meneja wa zamu, mbali na foleni. Mwonyeshe ujumbe wao wenyewe, si masharti ya kampuni. Meneja husimamia kwa urahisi zaidi neno la ofisi yake. Kama huna ujumbe ila masharti yako upande wako, fungua ukurasa wa masharti ya jina hilo la hoteli na umwonyeshe sentensi husika. Marriott, kwa mfano, wameweka kwenye masharti yao fidia ya fedha pale mwanachama asipopewa zawadi ya kukaribishwa aliyostahili, kiasi kikitegemea jina la hoteli. Dai la namna hiyo litoe ukiwa bado hotelini, siyo ukiwa umeshapita Segera.

Ikishindikana, lipa ili usikwame, andika kwenye bili kwamba umelipa huku ukipinga, kisha peleka malalamiko kwa huduma ya wateja ya kampuni mama ukiambatisha bili, ujumbe na namba ya nafasi. Mara nyingi hujibu kwa pointi. Ukitaka fedha, sema tangu mwanzo kwamba unataka fedha. Kwa hoteli ya hapa nchini iliyotangaza chai ya bure ikakutoza, jambo hilo ni la kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ina mamlaka ya kulisikiliza.

Hoteli zetu za Tanga, Pangani na Bagamoyo

Hoteli nyingi za kwetu ni za wenyewe. Haziko kwenye mipango ya kimataifa, kadi yako ya Platinum hapa ni plastiki tu, na bado utakunywa chai vizuri kuliko sehemu nyingi. Chai imo kwenye bei. Kutolingana kupo pia, ila kunatoka kwingine: chumba kimoja hupewa chai ya mtu mmoja hata mkilala wawili, meza kamili huwekwa siku za wageni wengi na siku za wageni wachache huletwa sahani yenye mayai na vipande viwili vya mkate. Hakuna masharti yaliyoandikwa, kwa hiyo makubaliano yako ya mdomo na meneja ndiyo masharti. Yafanye kabla hujatoa begi kwenye gari.

Uliza ni watu wangapi. Uliza kuna nini. Ukitaka mbaazi za nazi na mahamri badala ya soseji, sema jioni. Majiko mengi yatakufurahisha, kwa sababu wapishi wenyewe ndicho wanachokula nyumbani kwao. Mgeni wa mara kwa mara asiogope kuomba chake pia: mwenye hoteli asiye na mfumo wa pointi anaweza kukupa chai ya mgeni wa pili bila malipo kwa sababu anakufahamu, na ahadi hiyo mkiiandika kwenye ujumbe wa WhatsApp imekuwa na nguvu kuliko kadi.

Wanaoondoka alfajiri ndio wanaopoteza zaidi. Mabasi ya kwenda Dar es Salaam hutoka stendi ya Kange mgahawa ukiwa bado umefungwa, na anayetoka Pangani kuingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani anataka kuwahi wanyama kabla ya jua kali. Umelipia chai usiyoinywa. Omba ufungiwe: mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, chupa ya maji. Omba jana yake kabla ya jikoni kufungwa, na umtajie saa kamili ya kuondoka, kwa sababu mlinzi wa usiku ndiye atakayekukabidhi.

Mwezi wa Ramadhani nao una utaratibu wake, na ninasikitika kuona wafungaji wengi wakilipia vifungua kinywa ambavyo hawawezi kuvigusa. Bei ya BB haishuki kwa sababu umefunga. Kwa hiyo omba kubadilishiwa: ama daku iletwe chumbani kabla ya alfajiri, hata kama ni chupa ya chai ya moto, wali na samaki wa jioni vilivyofunikwa, ama thamani yake ihamishiwe kwenye futari. Hoteli za Dubai zimezoea ombi hili. Za kwetu hazikatai, ila usipoomba hakuna atakayekukumbusha. Kwenye hoteli za mipango ya kimataifa liweke swali hilo kwenye barua pepe ya hatua ya nne, ukiuliza kama haki ya daraja lako inaweza kutumika kwa daku.

Kwa Bagamoyo, wageni wengi huja kwa warsha na mafunzo, umbali wa saa moja na nusu hivi kutoka Dar es Salaam foleni ikiruhusu. Chai huweza kulipiwa mara mbili bila mtu kukusudia: mwandaaji amelipa vyumba pamoja na kifungua kinywa, kisha akalipa kifurushi cha ukumbi chenye chai na vitafunio vya saa nne. Kama ratiba inaanza saa mbili na nusu na chai ya ukumbini ni saa nne, washiriki wengi huruka mojawapo. Mwandaaji ana nafasi ya kupunguza gharama hapo: aombe vyumba bila chai na achukue chai kubwa ya ukumbini saa moja na nusu, au vyumba vibaki na chai yake, na ukumbi ubaki na maji na kahawa. Bei zote mbili aziombe kwenye nukuu moja, kwa kila mshiriki, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikiwa ndani, na hesabu ya washiriki aithibitishe kwa meneja wa hoteli siku mbili kabla, kwa sababu jikoni hununua vitu kwa hesabu hiyo na bili hufuata hesabu hiyo.